Taa za Pikapu ya Baba

Tunduma
Jumapili, 9 Machi. Asubuhi manyunyu na baridi, mawingu yamekaa chini.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua maumivu, na mwanangu Neema anakula vizuri. Mimi ni mzima. Chumba ndicho kimya. Jioni nawasha redio hata nisipoisikiliza.

Najua safari iliyopita Neema alinisubiri barabarani mpaka ukamtoa kwa nguvu. Mama, nilikuja. Nikipewa ruhusa kazini, natoka huko jikoni jioni, na kesho yake mchana lazima niwe nimerudi. Giza lilinikuta Itumba, na ukungu wa huko unaujua. Taa za pikapu ya marehemu baba zimekuwa za njano, sikuona hata ukingo wa barabara. Nililala garini. Asubuhi muda haukutosha kupanda Ibaba na kurudi kazini.

Leo nimezisafisha mwenyewe hapa uani. Dawa ya meno niliwahi kuijaribu, zikang'aa siku chache tu. Safari hii nilisugua kwa msasa na maji, nikaanza na mkali nikamalizia na laini, mpaka maji ya njano yakaisha. Jirani yangu Mama Furaha akapita akienda kanisani.

"Mama Neema, gari nalo unaliogesha liende ibada?"

"Linaenda Ibaba kumchukua mtoto."

"Basi lipake na mafuta."

Akasimama mbele nilipowasha, akasema zote zinamulika sawa. Kisha akaenda zake.

Ilibaki kupuliza vanishi, ili jua lisizirudishe kwenye unjano. Nilijua inataka hewa kavu. Lakini nilitaka kuja leo jioni, nikapuliza manyunyu yalipopungua kidogo. Ikaganda nyeupe kama maziwa. Sasa hazimuliki kabisa. Itabidi nisugue upya jua likitoka, na ruhusa nyingine sijui nitaipata lini.

Nakuomba usimwambie Neema siku ya kuja kwangu. Mwache acheze. Nitapiga honi nikiwa mlangoni.

Nisalimie shangazi anayekusaidia kuchota maji, na kaka mkubwa huko shambani. Simu yake haipatikani, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi.

Mwanao anayewakumbuka,
Tusekile

Naikunja asubuhi ya Jumatatu, bado mawingu. Jana usingizi ulinipata saa nane usiku.