Gita la Mama Lililozibwa kwa Lami

Jumatano, 2 Aprili

Kola za sare tangu asubuhi. Za buluu, zote zinafanana, mpaka macho yakaanza kuelea. Mvua ikaja alasiri kama kawaida yake na mabati yakapiga kelele. Mvua ikinikuta kwenye cherehani huwa siko tena Kisumu. Huwa niko kwetu Usenge, mtoto, nimelala mkekani, Mama anapiga gita upande wa pili wa pazia.

Gita lenyewe limo humu kibandani, limeegemea marobota ya vitambaa. Mama alilituma na dereva anayeleta omena, dagaa wa ziwani, sokoni Kibuye. Ujumbe wake mfupi: tengeneza. Hakusema kwa nini. Najua kwa nini. Nikimpigia simu nikamuuliza amekula nini, ananijibu habari za kuku. Daktari amesema masikio yanafunga polepole na hayatarudi.

Naogopa. Basi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimelipeleka Kondele kwa Ouma, yule anayetengeneza vinanda vya makanisa na redio na chochote chenye waya. Akaligeuza, akaligonga kwa kidole, akacheka mpaka akatafuta kiti.

“Dada, hii ni gita ama ni mashua?”

Nilikasirika. Halafu nikacheka pia, kwa sababu ni kweli. Lilipasuka tumbo zamani, nilipokuwa darasa la pili, liliposahauliwa juani ufukweni kando ya omena. Marehemu Baba alikuwa fundi wa mashua. Akalitibu kama mashua. Pamba kwenye ufa, lami juu yake, akailaza kwa kidole gumba. Maji hayawezi kuingia. Sauti nayo haiwezi kutoka. Alama ya gumba lake iko pale kwenye lami mpaka leo, mistari yote.

Ouma anasema njia ni moja. Lami yote ikwanguliwe, ubao wa mbele ung'olewe, uwekwe mwingine. Bei yake itameza akiba yangu ya cherehani ya umeme. Bei haikunishtua sana. Kilichonishtua ni hiyo kukwangua.

Nikarudi nalo nyumbani.

Jumapili, 6 Aprili

Sikumsikia mchungaji hata kidogo. Baada ya ibada nikashuka Dunga, nikakaa peke yangu. Gugu maji limefunika ziwa mpaka mbali, kijani tupu, unadhani unaweza kutembea juu yake hadi upande ule. Ndege weupe walikuwa wakitembea kweli. Niliwatazama nikasinzia nikiwa nimekaa, nikamwona Baba akisukuma gita majini kwa mikono miwili, taratibu, kama chombo kipya. Likaelea vizuri. Akageuka kunitazama, amefurahi.

Niliamka nikilia, mtu mzima, viatu vya kanisani mguuni.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeingia duka la vyombo vya muziki mjini. Kwa pesa anayotaka Ouma napata gita jipya, linang'aa, na mfuko wake juu. Nikalijaribu. Sauti nzuri. Halina mtu ndani.

Nikampigia Mama. Aliita haloo, haloo, mimi nikijibu, yeye akiita tu. Mwishowe akampa jirani simu. Jirani akaniambia Mama anauliza gita limefika wapi.

Nimemkasirikia marehemu leo. Lami, jamani! Kwa gita!

Alhamisi, 10 Aprili

Usenge, na gita begani. Upepo mzuri, omena zimetandazwa kila mahali, zinameta mpaka unafumba macho.

Nilidhani Mama atalia. Nilimwekea gita mapajani, nikamwonyesha ile alama ya gumba, nikamwambia sikioni kwa kupiga kelele kwamba kazi ya Baba itabidi ikwanguliwe. Ufuo mzima umesikia habari zetu. Kuku walikimbia.

Aliigusa ile alama. Akaweka gumba lake juu yake, likazama. Halafu akasema kwa sauti kubwa, maana siku hizi hajui kuipima:

“Baba yako ilikuwa mtu mzuri. Lakini ilikuwa fundi ya mashua, nyara, binti yangu. Hii kitu tangu siku hiyo inalia kama sufuria imefunikwa.”

Miaka yote hiyo! Alipiga sufuria iliyofunikwa kila jioni, Baba amekaa mbele yake, kichwa kinatikisika kwa raha, na hakumwambia hata siku moja. Na mimi wiki nzima sina raha kwa ajili ya lami.

“Toa yote,” akasema. Akajivuta masikio, yote mawili. “Nataka kuisikia yenyewe kabla hizi hazijafunga.”

Jumamosi, 12 Aprili

Nimempa Ouma gita na malipo. Cherehani ya umeme itangoja. Akaniuliza kama nataka kubaki na kile kipande chenye gumba. Nikasema hapana. Nikafika barabarani, nikarudi, nikasema ndiyo.

Alhamisi, 17 Aprili

Ouma hajamaliza. Gundi haikauki na mvua hii. Nilimfokea bure, maskini. Masikio ya Mama yanafunga haraka kuliko gundi yake inavyokauka, ndiyo maana.

Jumamosi, 26 Aprili

Usenge tena. Ziwa limetulia kama maziwa kwenye bakuli.

Gita lina uso mpya mweupe, shingo ileile ya zamani. Mama alilirudisha mikononi mwangu, vidole vyake havikunjiki tena vizuri. Nikapiga wimbo alionifundisha mwenyewe. Sauti ilitoka kali, safi, ngeni kabisa. Yeye alinitazama mikono tu. Usoni hamna kitu. Nikajua tumechelewa. Nikaacha.

Akasogeza kigoda. Akainama, akalaza taya lake juu ya bega la gita, mfupa kwenye mbao, pale mtetemo unapopita, akafumba macho. Akanigonga goti.

Nikapiga. Polepole, vibaya, makosa mengi. Nywele zake zilikuwa zinanigusa mkono. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani, ziwa lilibadilika rangi.

Akafumbua jicho moja.

“Ya tatu iko chini,” akasema.

Nikaisikiliza ile waya ya tatu. Kweli, imelegea, kidogo mno, mimi sikuwa nimesikia. Nikaikaza. Akarudisha taya lake mahali pake.