Siku Jua Lilipopatwa Milepa

Malangali, Sumbawanga

Mjukuu wangu Edita,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hatujambo, baridi imeanza, na mjomba wako yuko Matai kuuza ulezi.

Unaniuliza kama hizi ndizo siku za mwisho, na kama Bwana akirudi sisi tutaachwa. Nilikuwa msichana, tukiishi Milepa, jua lilipopatwa mchana. Watu walipiga kelele kwamba Kristo anarudi, wakakimbilia kanisani. Mdogo wangu Yustina alikuwa mgonjwa, hata kukaa hawezi.

“Mama, nendeni,” alisema. “Mtaachwa kwa ajili yangu.”

Mama akampakata. “Akija, atatukuta hapa. Anakufahamu, mwanangu.”

Jua likatoka tena, watu wakarudi wakiucheka woga wao. Yustina hakuimaliza wiki ile. Kaburini katekista alisoma kwamba waliokufa katika Kristo watafufuka kwanza. Hapo ndipo mama, aliyekuwa hajatoa chozi, alipolia kwa sauti.

Siku hiyo siijui, Edita. Naingojea bila hofu, maana mdogo wangu ndiye atakayetangulia kuinuka.

Bibi yako akupendaye