Vua Koti la Mwanangu

Mwanangu Elia,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, ukiwa mzima kuliko sisi. Huku Springfield hatujambo, hatujambo ya kusema tu. Baba yako anakusalimu, goti linamsumbua, na kila Jumapili analiwasha gari lako betri isife. Dada yako Neema anakusalimu, bado yuko shifti za usiku kule Arlington na chakula hali vizuri. Binti yake Tumaini anakusalimu, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Mjomba wako wa Oxon Hill anakusalimu. Mama Furaha, Mkongomani wetu wa mlango wa pili, anakusalimu. Analeta pondu, kisamvu chao, kila wiki, na akishaiweka mezani analia yeye kabla yangu. Shangazi zako wa Singida wote wanakusalimu.

Baada ya salamu, mwanangu, nina hasira. Usishtuke, si juu yako. Kama farasi angekuangusha ningejua wa kumkasirikia, lakini moyo tu ukasimama, umekaa kwenye kochi unavua viatu. Hilo nimemwachia Mungu. Hili lingine siachi.

Ni lile koti. Unajua desturi yetu, siku ya kuanua tanga nguo za marehemu hutandikwa zote mkekani, ndugu wakagawana, na koti ni la mjomba. Tulitandika sebuleni, mashati yako, viatu, hata soksi isiyo na mwenzake. Mjomba akatazama, akauliza, "La vita liko wapi?" Nikasema liko kwa wale wa chama chenu cha kuigiza vita vya kale. Akarudisha kofia kichwani. "Dada, msiba haumalizwi koti likiwa bado linapigwa risasi." Watu wakaondoka. Nguo zikabaki pale chini, nazivuka nikienda jikoni.

Nikampigia simu yule mwenye masharubu, siku za kazi anauza bima, Jumamosi ni kapteni. Akasema koti ni mali ya chama. Mali ya chama, Elia. Kitambaa nilikikata mimi, juu ya meza uliyoandikia masomo yako. Vifungo vya shaba uliviweka mdomoni ukinipa kimoja kimoja, nami roho juu usije ukameza, mwanaume mzima. Bitana ukataka iwe kitenge changu chekundu. Ukasema, "Hakuna atakayeiona, Mama, ila mimi nitajua."

Basi Jumamosi ya maonyesho nikamwambia Neema anipeleke. Ni vita vyako vilevile, wapanda farasi wa pande mbili walipokutana mara ya kwanza, mwanzoni kabisa mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hii, enzi za utumwa. Ulinieleza nikisonga ugali: "Mama, hawa vita walikuwa hawajavijua. Walidhani ni jambo la wiki chache, warudi kuvuna." Mimi sikuelewa kwa nini watu wazima warudie ugomvi wa mababu zao kila mwaka, na viti vya kukunja, na aiskrimu. Lakini ulipenda farasi tangu ile kazi ya kusafisha mazizi, nikawa naja kukutazama.

Wakaja mbio, vumbi, baruti ya moshi mtupu. Wa kwanza kuanguka alikuwa na koti lako. Lilifunuka alipobiringika, nikaona kitenge changu.

Sikufikiri. Niliinua kamba ya kuzuia watazamaji nikapita. Neema anaita, "Mama, rudi," Tumaini naye, "Bibi, no, no." Farasi wananipita huku na huku, na unajua mimi hata mbuzi namwogopa. Nikamsimamia, kijana mwenye nywele nyekundu, amefumba macho. Nikamwambia kwa Kiingereza changu hiki kibovu, vua koti la mwanangu. Akajibu bila kufumbua, "Samahani mama, mimi nimekufa."

Nikamwambia, anayejua nani amekufa ni mimi.

Hapo akafumbua, akakaa. Kumbe anakujua, uso ukamwiva. Akaanza kufungua vifungo, maskini, ndani ana fulana ya mpira wa kikapu. Nami kuna kitu kikawa kinanikera. Yeye alilala chali, jua usoni. Wewe miaka yote ulilala kifudifudi hadi mwisho, na nikikuuliza unacheka, "Nyasi zinanukia vizuri, Mama." Nikamuuliza, mwenzako mbona hakulala hivi? Akatazama pembeni. Akasema uliagizwa. Eti kwenye vita vile hapakuwa na mtu mweusi juu ya farasi, kwa hiyo uanguke wa kwanza, uangukie mbali, na uso uwe chini watu wasiuone, historia isiharibike.

Na hukuniambia. Ulikuja nyumbani na majani kwenye nywele, ukaoga, ukala, ukanisifia mboga.

Kapteni akaja na farasi wake, anafoka kwamba naharibu, watoto wanatazama. Nikasema watazame. Nikaligeuza koti ndani nje, kitenge juu, nikalivaa, nikatoka nalo uwanjani polepole. Maiti wote walikuwa wamekaa wananitazama. Halafu kipenga kikalia, wakainuka kama wanavyoinuka kila mwaka, wakajipangusa, wakaenda kula. Hilo ndilo lililonitoa machozi, Elia. Si yule kapteni.

Mjomba alirudi. Alilijaribu, tumbo likakataa. Akalikunja akaniwekea mapajani. "Dada, limenifikia. Sasa nakupa wewe." Msiba ukaisha hivyo, nikakunja mkeka.

Sasa Tumaini analiomba. Anataka kulivaa darasani siku watakayosomeshwa vita hivyo, na ameuliza kwa Kiswahili, mwenyewe, bila kulazimishwa. Sijamjibu, nakungoja wewe. Ila nakuahidi, atakayelivaa koti hili hataambiwa na mtu afiche uso, nikiwa hai.

Niletee neno upesi, hata kwa ndoto fupi. Unajua silali mpaka nisikie umefika.

Kabla hawajafunga sanduku nilikutazama vizuri, tulikulaza chali. Kaa hivyohivyo, mwanangu. Kwaheri. Asije mtu kukugeuza.

Ni mimi mama yako.