Binti Yangu Amemwalika Kangaruu

Shangazi mpendwa, naomba msaada na naomba haraka, maana Jumamosi haiko mbali na nimeshajichongea mwenyewe.

Kazi yangu ni kuingiza sauti kwenye katuni za watoto. Mimi ni mwanamume mzima, nina ndevu na kitambi, na mimi ndiye Mama Kangaruu, yule wa kila asubuhi kwenye televisheni anayebeba wenzake mfukoni kuanzia panya mpaka kobe, na usinicheke kwa sababu mke wangu ameshacheka kwa niaba ya wote. Binti yetu hajui. Siku moja aligoma kuoga katakata, nikajifungia chumbani, nikapiga simu ya mama yake, naye akampa, nikamwomba kwa sauti ya Kangaruu aoge, akaoga mpaka nyuma ya masikio, basi nikanogewa, kesho yake nikapiga ili ale mboga, na sasa anayesubiri simu ni yeye, kila siku saa kumi na mbili jioni, amekaa kwenye zulia la sebuleni, mimi nimejifunika blanketi chumbani ili sauti isipenye mlangoni, na mtoto anamwaga yote ya moyoni, nani kamsukuma kwenye bembea, mwalimu gani anamwogopa, mambo ambayo mimi baba yake sijawahi kuambiwa.

Wiki iliyopita akaniambia kwenye simu kwamba Jumamosi anatimiza miaka sita, akauliza kama Kangaruu atakuja. Hapo ndipo nilipoharibu. Mama Kangaruu hajawahi kumkatalia mtoto kitu, ndivyo anavyoandikwa, na miaka minne ya kusoma maneno yake imenizoesha vibaya, mdomo ukakubali kabla kichwa hakijafika. Ameshatangazia darasa zima. Nimekwenda kwa fundi cherehani kuulizia vazi, akanipima, akasema mkia peke yake utakula godoro.

Hata hivyo linaloniuma zaidi ni la jana. Kabla ya kukata simu alinong'ona: “Ukija, mfuko wako unaweza kumbeba baba? Kila siku amechoka. Nikimwambia kitu anasema tu ‘mm’.”

Nililia humo humo ndani ya blanketi. Nikisema ukweli, naogopa hatatuamini tena, mimi wala Kangaruu. Nifanye nini?

Kangaruu Mwenye Ndevu

Pole, baba, na nisikufiche, hapa ofisini tumesomeana barua yako mara mbili na mhariri amechekea mezani. Sasa tulia nikuseme.

Kumwogesha mtoto kwa ujanja ni jambo dogo, wazazi wengi wanafanya. Lakini ulipogundua ana maneno mengi hivyo, kwa nini ulirudi chini ya blanketi badala ya kutoka ukakae naye? Ukiwa mnyama unamsikiliza mpaka mwisho. Ukiwa baba unamjibu mm. Nimekukasirikia kidogo, na nadhani wewe mwenyewe umejikasirikia.

Achana na fundi. Ukitokea na mkia wa godoro utamdanganya mbele ya wenzake, na siku atakapojua, aibu itakuwa yake. Mwambie leo, mkiwa mmekaa chini mnatazamana. Anza kwa sauti yako, kisha ongea kwa ile nyingine huku akiuona mdomo wako. Atanuna labda. Mwache anune, usikimbilie kumchekesha. Mwombe radhi kwa kusikiliza siri alizompa mwingine, kisha mpe yeye uamuzi: Jumamosi wenzake wamsikie Kangaruu akitoka kwa baba mwenye shati, au ibaki siri yenu. Ninavyowajua watoto wa miaka sita, utaongea mpaka koo likauke.

Ile saa kumi na mbili usiifute hata siku moja. Simu zote ziende jikoni, na usimkatize. Na ukichoka, mwambie kwa kinywa chako kwamba umechoka, ili asiende tena kukuombea nafasi kwa mnyama.

Shangazi