Tangi Lililogeuka Kijani

Baba mpendwa,

Jua la Machi limerudi, na lile bwawa la chini ya Kibera limevaa tena ukoga wa kijani. Kila nikiuona nakasirika kwanza, halafu ndipo nakulilia.

Unalikumbuka tangi la Kawangware? Mwenye ploti alikupa kazi ya kulitunza, akatupa na chumba kimoja cha kulala bure. Lilikuwa tangi la saruji, limefunikwa kwa mabati. Lakini sisi watu wa Kitui, kwenye ukame, hatujui kuliacha wingu lipite hivi hivi. Nyumbani wingu likivuta tu, kila sufuria na kila karai hutolewa nje. Basi nawe ukapanda ngazi, ukayaondoa mabati ili mvua iingie. Mama akakutania, "We mzee, hapa Nairobi si kuna maji ya mfereji?"

"Mfereji si mvua," ukamjibu, ukicheka huko juu.

Julai ulifanya hivyo na hapakuwa na neno. Baridi ilikuwa ya kugonganisha meno, jua limejificha, maji yakabaki safi. Kwa hiyo ulipoona mawingu ya Machi uliyaondoa tena mabati bila wasiwasi. Mvua haikuja, ng'o! Mawingu yalitawanyika, jua likapiga ndani ya tangi mchana kutwa, siku baada ya siku. Maji yakawa vuguvugu, kisha yakawa kijani kama mboga iliyosagwa. Ukafunika upesi. Mle gizani ukoga ukafa, ukaoza, maji yakanuka.

Wapangaji walisimama na ndoo zao. "Huyu Mkamba ametia dawa," mmoja akasema. "Si mnajua watu wa Kitui na uchawi wao!"

"Jameni, mimi nilikuwa nangoja mvua tu," ulisema. Wakacheka kicheko kibaya. Jioni hiyo mwenye ploti alituambia tufungashe. Tulihamia Kibera, na maneno yakatufuata mpaka mlangoni.

Mwaka jana nilikuwa nanunua omena, vile vidagaa vya ziwani, kwa mama mmoja wa Kisumu Ndogo, hapa hapa Kibera, nikamlalamikia juu ya lile bwawa.

"Hiyo ni jua tu, dada," akasema huku akipima. "Hata kwetu ziwa hufanya hivyo. Joto likizidi na maji yametulia, inakuwa kijani, samaki wanakuja juu kutafuta hewa. Baridi ikirudi, inapungua."

Kumbe ni mwanga na joto, basi! Nilikaa kando ya njia nikalia, naye akadhani nimefiwa siku hiyo.

Nililia kwa sababu wewe mwenyewe ulianza kuamini. Ulikataa kugusa mtungi wetu. Ulikuwa ukimngoja Mama arudi akuchotee, hata kiu ikikuuma vipi. Siku moja uliviangalia viganja vyako ukaniuliza, "Mwanangu, labda hii mikono yangu iko na kitu?" Nilikuwa mdogo, sikuwa na la kukujibu. Sasa ninalo, na wewe hupo.

Hukuyaona ya siku ya mazishi yako. Majirani walijaa kwetu, waliimba, wengine walilia machozi ya kweli. Mama aliwapikia chai, nikawagawia mmoja mmoja, wakashukuru. Walipoondoka nilienda kukusanya vikombe. Vyote vilikuwa vimejaa, vimepoa.

Lala, baba. Lilikuwa jua.

Ni mimi, binti yako.