Mama, Jina Lako Halikutoka kwa Mpanda Farasi

Mama yetu mpenzi, Walburga Averbrock,

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke. Wanaoandika kumbukumbu kama hii husema uchungu umepoa. Wetu haujapoa, na hatutajifanya.

Tunakukumbuka juu ya baiskeli ya manjano, ukipeleka barua kijijini kwetu Hemmersloh na mashamba yake yote kwa miaka thelathini na mmoja. Kadi za posta za watu ulizisoma bila haya, kisha ukawaombea wagonjwa waliotajwa humo. Ijumaa Kuu ulikaanga vile vitumbua vyako bapa vya hamira na zabibu kavu mpaka jikoni pakajaa moshi, na aliyethubutu kufungua dirisha alikiona cha moto.

Barua ndizo zilizokupeleka kwenye majina. Bahasha ilisema Tiemann, lakini kijiji kizima kilimwita mtu yule kwa jina la shamba alikooa, maana kwetu tangu zamani jina ni la nyumba, na mwanamume anayeingia hapo kwa ndoa hulichukua. Baba naye alizaliwa akiitwa Lüttke, akawa Averbrock alipokuoa. Ukataka kujua letu lilianzia wapi. Misimu kumi na mmoja ya baridi ulikaa chumba cha nyaraka cha parokia, glavu zako umezikata ncha za vidole, ukisoma mwandiko uliofifia.

Ukampata Aleke. Ilikuwa karatasi moja ya mwaka 1521. Mkuu wa nyumba ya watawa, aliyemiliki ardhi na watu wake, alikuwa anabadilishana wajakazi na bwana jirani: atoe Grete, apewe Aleke. Kwa bahati mbaya Aleke walikuwa wawili, na karani, ili asikosee, akaandika huyu ni yule anayeishi ng'ambo ya kinamasi. Kwa lugha yetu ya zamani, *aver* ni ng'ambo, *brock* ni kinamasi. Basi. Hilo ndilo jina letu. Mwanamume aliyemwoa akaitwa hivyo, na watoto wao, mpaka sisi.

Siku hiyo ulirudi nyumbani hukuvua hata koti. Ulikaa mezani ukatuambia, “Walimbadilisha kama ng'ombe, na jina lake ndilo hili ninaloandika kila siku.” Ukalia, nasi tukalia.

Kaka yako Everhard hakulia. Mjomba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe za kijiji, na tayari alikuwa amemleta mtu wa mjini anayewachorea watu ngao za ukoo, zile nembo za familia za kikabaila. Yetu ikatoka na upanga na ndege korongo, pamoja na hadithi ya mpanda farasi mwenye deraya aliyezawadiwa ardhi na askofu. Kwenye mkutano wa ukumbini ulisimama mbele ya watu wote.

“Everhard, huyu mpanda farasi umemtoa wapi? Nimepeleka barua hapa miaka thelathini na mmoja, sijawahi kuona anwani yake.”

Watu walicheka. Mjomba uso ukamwiva.

“Kwa hiyo unataka tujitangaze kuwa tulikuwa watumwa, dada? Watu watatuonaje?”

“Watatuona tulivyo,” ukamjibu, ukaketi.

Kitabu cha historia ya kijiji, ambacho kamati ilikitoa kwa ajili ya sherehe, kilipotoka, sura uliyoiandika juu ya Aleke haikuwemo. Kazi ya misimu kumi na mmoja, uliyomkabidhi Mjomba kwa mikono yako, iliondolewa bila neno, na mahali pake pakawekwa picha ya ngao, ukurasa mzima. Ulikifunga kitabu, ukakirudisha kwenye bahasha yake. Miezi mitatu baadaye moyo wako ulisimama. Hatusemi Mjomba ndiye aliyekuua. Tunasema ulikufa ukiwa umenyang'anywa, na aliyekunyang'anya alibeba jeneza lako.

Kisha akafanya la pili. Alituambia tusihangaike, jiwe la kaburi atalishughulikia yeye, nasi kwa majonzi tukakubali. Lilipofika lilikuwa na ile ngao, upanga na korongo, na mbele ya jina lako kile kineno *von*, kinachovaliwa na makabaila. Hapakuwa na neno hata moja kwamba ulikuwa mpeleka barua.

Siku ya pili Baba alivaa suti yake ya harusi akaenda kwenye ofisi ya makaburi. Wakamwambia kuna fomu. Alijaza. Wakasema aliyeagiza jiwe lazima aridhie, na Mjomba akagoma. Baba akaandika tena, akarudi tena, miezi tisa, kwa mkono ule uliokuwa ukishika trekta tu, mpaka wakachoka kumwona, wakampa kibali.

Jumanne iliyopita fundi aliling'oa jiwe lile. Mjomba alikuja akisema tumemwaibisha mbele ya kijiji. Baba akamjibu:

“Nilipomwoa dada yako niliacha jina la baba yangu, Everhard. Niliambiwa ni mwanamume gani huyo. Sikuliacha kwa ajili ya mpanda farasi. Nililiacha kwa ajili yake.”

Mjomba akaondoka.

Jiwe jipya ni dogo, Mama. Limeandikwa: *Walburga Averbrock, mpeleka barua*. Chini yake: *na Aleke wa ng'ambo ya kinamasi, 1521*. Hakuna ajuaye alizikwa wapi, tukaona akae nawe.

Unakumbukwa na mumeo Tönnis, wanao Mechthild na Ansgar, mkweo Rotraud, wajukuu zako Wiebke na Lambert, na majirani wote uliowagongea mlango.

Kaka yako tulimpelekea tangazo hili kabla ya kulichapa, tukamwambia nafasi ya jina lake kati ya yetu ipo, mradi akubali jina la Aleke libaki. Amelirudisha bila sahihi.

Sisi tumetia zetu. Hatutakusahau kamwe.