Kitabu Kilichotoka Ndani ya Kifurushi

Kianjai,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa mwanangu Kithinji,

Salamu nyingi, na natumai joto la huko Mombasa halijakumaliza. Mimi niko, ni goti tu. Nyanya yako anakusalimu, anauliza kama unakula. Shangazi yako Mukiri yuko mzima, ng'ombe wake amezaa ndama wa kike. Dada yako Kajuju amefunga chuo huko Embu, amerudi mwembamba lakini hana ugonjwa. Muriuki pia yuko salama, ingawa jina lako bado halitaji.

Mwanangu, sauti ya baba yenu imepatikana.

Unakumbuka uliniachia hiyo kompyuta yako ya Linux, ndani yake yale maneno yaliyorekodiwa, aliyotuambia mmoja mmoja akiwa amelazwa kabla hajafariki. Yalipopotea ukasema ni Muriuki ameyafuta apate nafasi ya sinema zake. Tangu hapo hamsalimiani.

Sasa Kajuju alikuja na flashi yenye kifurushi cha programu ya kutafuta vitu vilivyofutwa. Nikamwambia basi aiingize haraka. Akakataa kabisa. Akasema kilichofutwa bado kimo, lakini kitu kipya kikiingia kinaweza kukikalia, ni kama kulima mahali ulipomwaga mbegu kabla hujaziokota. Nikamuuliza ataitumiaje na hajui inavyotumika, na maagizo yamefungwa humo humo.

Akaenda kuomba kompyuta ya Salesio, karani wa kanisa. Salesio akamwambia asome anachotaka, lakini akiongeza hata kitu kimoja atamshtaki kwa pasta. Kajuju akacheka, akasema hataongeza chochote. Akakifungua kile kifurushi, programu yenyewe akaiacha imelala, akatoa kitabu chake cha maagizo peke yake, kikaonekana kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, Kithinji. Kitabu kizima kimetoka, na hakuna kilichoingizwa. Akawa ananisomea kwa Kimeru. Kilisema usiweke kitu chochote kwenye diski iliyopoteza vitu, utafute ukiwa nje yake. Mtu ambaye hata Kianjai hajawahi kusikia alikaa mahali akafikiria hofu yangu, akaiandikia jibu, akalifunga pamoja na kazi yake ili mtu alikute kabla hajaharibu. Tukarudi nyumbani, Kajuju akafuata kitabu mstari kwa mstari, siku mbili, programu ikifanya kazi kutoka kwenye flashi bila kuingizwa.

Ningekupigia simu, lakini hili mdomo wangu hauliwezi. Si Muriuki. Ni mimi.

Kila nikimaliza kukamua nilikuwa namsikiliza baba yenu, na nikawa namjibu. Mama mmoja wa kikundi cha maombi akanisikia, akaniambia nyumba ambayo marehemu anaongea haipati amani. Nikaona aibu, nikaogopa. Nikabonyeza pale uliponionyesha pa kufutia picha. Ulipomlaumu ndugu yako nilikuwa nachambua maharagwe, nikaendelea kuchambua. Muriuki alijua si yeye, na hakuniuliza.

Kajuju amepata tatu: yako, ya Muriuki na yake. Yangu haikupatikana. Silalamiki. Yenu hatujazisikiliza, kila mmoja atafungua yake.

Watu wote wa nyumbani wanakusalimu, na Mungu akulinde kazini. Mpigie Muriuki kwanza, mimi baadaye. Halafu uniletee neno upesi, hata likiwa la hasira, kwa sababu kungoja sitaweza.

Ni mimi mama yako,
Karimi